Utafutaji wa Viumbe Wenye Akili Angani: Mtazamo kutoka Garissa na Suala la Lugha

Utangulizi

Swali la iwapo binadamu ndiye kiumbe pekee mwenye akili katika ulimwengu ni la kale. Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi wanavyolitafutia jibu, yakianzia katika anga la Garissa, kisha yanazingatia suala linalowahusu wanalugha: viumbe hao wakiwapo, watasalimiwaje?

Anga la Garissa

Mji wa Garissa uko takriban nusu digrii kusini mwa Ikweta, na asafiriye kutoka hapo kwenda Wajir huuvuka mstari huo njiani. Kwa sababu hiyo, katika muda wa mwaka mmoja mkazi wa eneo hili huweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini, jambo lisilowezekana London wala Cape Town. Aidha, nje ya miji taa ni chache na giza la usiku ni totoro.

Elimu ya nyota si ngeni kwa wafugaji wa kaskazini. Asmarom Legesse, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu mfumo wa Gada, alieleza kalenda ya Waborana wa Kenya na Ethiopia. Wajuzi wao, waitwao ayyaantu, hutambua siku kwa kuulinganisha mwezi na nyota maalumu, Kilimia kikiwa miongoni mwazo.

Njia za utafutaji

Utafutaji wa kisasa nao ni kazi ya kutambua mpangilio angani. Mwaka 1959, Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walipendekeza kusikiliza mawimbi ya redio ya megahezi 1,420, ambayo hutolewa na haidrojeni, elementi iliyoenea kuliko zote. Mwaka 1960, Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili: Tau Ceti na Epsilon Eridani. Kwa mtazamaji wa Garissa, nyota hizo hupita karibu na utosi. Drake hakupata ishara yoyote.

Tarehe 15 Agosti 1977, darubini ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilinasa mawimbi makali kwa sekunde 72. Hayajasikika tena. Hali kadhalika, sayari zaidi ya 5,000 zimethibitishwa kuzizunguka nyota nyingine, ila hakuna hata moja iliyothibitika kuwa na uhai.

Suala la lugha

Mwaka 1974, ujumbe wa tarakimu 1,679 za sifuri na moja ulirushwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, kwa imani kwamba hisabati hueleweka popote. Mwaka 1977, vyombo viwili vya Voyager vilibeba santuri yenye salamu za lugha 55. Luganda imo, Kinyanja kimo. Kiswahili na Kisomali havimo. Salamu nyingi zilirekodiwa kwa haraka katika Chuo Kikuu cha Cornell, kwa kutegemea wasemaji waliopatikana. Pengo hilo, basi, si kipimo cha ukubwa wa lugha. Linaonyesha kwamba lugha isiyo na msemaji mahali pa maamuzi husahauliwa.

Hata hivyo, kama salamu hizo zingalikuwamo, zingalifasiriwaje? "Hujambo" hufasiriwa kuwa "huna jambo", yaani hujafikwa na tatizo. Msomali wa Garissa huuliza "Ma nabad baa?", yaani "Je, ni amani?" Salamu zote mbili hukisia kwamba maisha yana misukosuko, na kwamba ni wajibu wa jirani kuiulizia. Kiumbe wa mbali angeweza kuzihesabu sauti hizo bila kuupata utu uliomo. Tarakimu hutangaza kuwapo kwa mtu. Salamu hueleza anavyoishi na wenzake.

Hitimisho

Kenya ni mojawapo ya nchi za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya redio ya SKA. Kiswahili tayari kina falaki, sayari, kilimia na mwaka wa nuru. Kazi iliyobaki ni kuyatumia maneno hayo katika vitabu na madarasani, ili mtoto wa mfugaji wa Garissa, aijuaye Kilimia kwa macho, aisome pia elimu yake kwa lugha anayoielewa. Santuri itakayofuata isitukute kimya.