Reli ya Kitale Juu ya Meza

Wazee wengi wa Pwani waliifuata reli hadi bara. Wako walioishia Nairobi na Nakuru, na wako waliofika mbali zaidi, Eldoret, Kitale na Bungoma, wakawa makarani, mafundi, mapagazi na wauza nguo kando ya stesheni. Ndiyo sababu hata leo nyumba nyingi za kwetu zina shangazi au mjomba katika miji hiyo, na shule zikifungwa watoto hupelekwa huko kubadilisha hewa. Huko wanaiona reli, lakini kazi ya reli hawaioni. Tawi la Kitale lilikaa miaka mingi likiota nyasi, na wale waliojua namna ya kuzipishanisha treni mbili katika njia moja wanapungua mwaka hata mwaka. Ujuzi wao haukuandikwa katika vitabu vya watoto. Wakiondoka, unaondoka nao.

Iko njia ya kuupokea ujuzi huo ungali hai, nayo ni kuijenga reli ile nyumbani kwa kipimo kidogo, kisha kuiendesha kwa kanuni zake zenyewe. Katika Uingereza na Marekani kazi hii hufanywa na watu wazima wenye mvi. Hukutana jioni, kila mmoja akapewa cheo chake, wakaendesha treni kwa ratiba hadi mizigo yote ifike. Mwamerika Frank Ellison, aliyeandika sana juu ya fani hii katika miaka ya 1940, aliifananisha reli ya mezani na jukwaa la mchezo wa kuigiza: treni ndizo waigizaji, na ratiba ndiyo hadithi. Alisema kweli. Treni inayozunguka duara humfurahisha mtoto kwa robo saa tu, kisha huwekwa juu ya kabati ikala vumbi. Treni yenye safari, mzigo na saa ya kufika haichoshi.

Na reli yetu ina hadithi ya kutosha. Njia kuu hutoka Nakuru, hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremkia Eldoret. Mbele kidogo ni Leseru, na hapo ndipo njia inapogawanyika. Tawi huelekea Kitale kupitia Soy na Moi's Bridge. Lilifika huko mwaka 1926. Njia kuu hushuka kupitia Turbo, Webuye na Bungoma hadi Malaba, ikaingia Uganda, na kufika Kampala mwaka 1931. Upana wake ni mita moja, na ni njia moja tu ya kwenda na kurudi.

Katika jambo hilo la njia moja ndimo yalimo mafunzo yote. Treni inayotoka Bungoma haiwezi kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikiri kwamba njia ni tupu na kwamba itailinda. Dereva hupewa ruhusa mkononi, karatasi au kipande cha chuma, na bila ya hiyo hasogei hata kama abiria wanapiga kelele. Neno la stesheni masta mmoja likiwa la uongo, au likiwa la kubahatisha, treni mbili hukutana uso kwa uso. Mtoto anayeshika kijikaratasi hicho na kusubiri jibu la nduguye wa upande wa pili wa meza huelewa amana ni nini upesi kuliko kwa kuhutubiwa.

Basi tuanzeje? Nasema: tuanzeni bila treni. Chukueni ubao laini, andikeni majina ya stesheni kutoka juu kwenda chini, Eldoret, Leseru, Turbo, Webuye, Bungoma, Malaba, na saa za siku kutoka kushoto kwenda kulia. Kila treni iwe ni uzi wa cherehani uliovutwa kwa mshazari baina ya pini. Nyuzi mbili za treni zinazoelekeana zikikatana, hapo ndipo treni hizo zitakapokutana, na makutano hayo lazima yaangukie stesheni yenye njia ya kupishania. Yakiangukia porini, songezeni pini. Watu wa reli wa dunia nzima hupanga ratiba kwa michoro ya namna hii, na mama aliyezoea kupanga mapambo ya nguo kwa jicho ataimudu kabla ya chai kupoa. Siku za mwanzo viberiti vitupu vinatosha kuwa mabehewa.

Kisha chagueni mwaka, kwa kuwa mwaka ndio unaoamua kila kitu. Mkichagua 1965, reli ni ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, injini za mvuke za rangi ya damu ya mzee zingali kazini, na vibao vya stesheni havisomeki Webuye wala Moi's Bridge bali Broderick Falls na Hoey's Bridge. Shaba ya Kilembe inapita Bungoma ikielekea bandarini Mombasa, pamoja na kahawa na pamba ya Uganda. Mkichagua 1980, shirika lile limekwisha kuvunjika, dizeli imechukua nafasi ya mvuke, shaba imekauka, lakini Webuye pana kiwanda kikubwa cha karatasi na Nzoia pana sukari. Mimi ningechagua 1965, kwa sababu ya wazee: huo ndio ujana wao.

Kwa habari ya kipimo, msidanganywe na wauzaji. Reli ndogo inayopatikana kwa urahisi ina upana wa milimita 16.5. Mkijenga kwa kipimo cha 1 kwa 60, upana huo ni sawa na sentimita 99 za kweli, yaani mita moja kasoro kidole. Injini ya dukani ya kipimo kingine huvishwa umbo jipya la kadibodi, na mabehewa hujengwa kwa kadibodi na vijiti. Behewa moja hutoka na urefu wa sentimita 20 hivi. Injini na mabehewa sita huhitaji mita moja na nusu, kwa hiyo njia ya kupishania Leseru isipungue mita moja na sentimita 70. Wengi hukosea hapa: hupanga treni ndefu ya kupendeza, kisha hawana pa kuipishia.

Hakuna sebule itakayolimeza tawi zima la Kitale. Hata kwa kipimo hicho lingepita kilomita moja! Chagueni stesheni tatu tu: Leseru, Kitale na Bungoma. Meza nyembamba ya sentimita 40 ifuate kuta mbili, na nyuma ya kipande cha ubao zifichwe reli chache ziitwazo Nakuru na Malaba, ambako treni hutokea na kupotelea kama mwigizaji nyuma ya pazia. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, hivyo mbao zipakwe rangi pande zote mbili zisije zikapinda, na reli zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kila kabla ya mchezo. Kazi ya kuchomea kwa risasi ifanywe na mtu mzima, dirisha likiwa wazi.

Mizigo nayo iwe na sababu. Kila behewa lipewe kadi yake ndogo: limebeba nini, limetoka wapi, linakwenda wapi. Mabehewa matupu yapande Kitale, yarudi na mahindi. Mbolea na mafuta ya taa yatoke Mombasa. Saruji ivuke Malaba. Treni ya mizigo ya tawi huingia Kitale, na hapo mtoto wa miaka tisa atagundua kwamba behewa analolitaka liko nyuma ya mengine manne, na injini iko upande usiofaa. Mwacheni afikiri. Nusu saa hiyo ina hesabu nyingi.

Mchezo wenyewe huenea vizuri baina ya Alasiri na Magharibi. Saa ya ukutani iharakishwe, dakika moja ihesabiwe sita: saa mbili na nusu zitakuwa saa kumi na tano, tangu alfajiri hadi baada ya Isha ya mezani. Kila stesheni ipewe mtu wake, na mabinti wasiachwe jikoni huku kaka zao wakiendesha. Msimamizi wa mwendo, ambaye huamua treni ipi isubiri, kwa maoni yangu awe mama. Adhana ikisikika, treni zote husimama zilipo. Ni raha kurudi kutoka kuswali na kuikuta treni ya Uganda ingali inangoja ruhusa Bungoma.

Baada ya kila mchezo andikeni palipokwama, kisha tengenezeni jambo moja tu kabla ya mchezo ujao. Mara nyingi mtaona kwamba dawa ni kupunguza mabehewa: yadi iliyojaa zaidi ya nusu haifanyi kazi. Kumbukeni pia mteremko. Kutoka Eldoret hadi Bungoma nchi hushuka yapata mita 700, kwa hiyo treni inayorudi na shehena ya Uganda hupanda. Iwekeni mezani tofauti hiyo, sentimita mbili kwa kila mita, na injini itawaambia yenyewe inavuta mangapi.

Wako wanaouliza juu ya sanamu ndogo za abiria na makuli. Wanavyuoni wengi wameruhusu vichezeo vya watoto, kwa kutegemea habari ya Bibi Aisha (r.a.) na vinyago vyake, na wako waliojizuia. Asiyeridhika aache majukwaa bila watu. Magunia, mikokoteni na taa hupamba vya kutosha.

Mkimaliza, mwiteni yule babu au mjomba aliyefanya kazi huko, mumketishe Leseru bila ya kumweleza kitu. Muulizeni funguo za pointi zilikaa kwa nani usiku, na mvua ikinyesha taa ilionekana kutoka umbali gani. Mtoto mmoja awe karibu na daftari.