Turbo katika nyanda za chai: Hewa nyepesi inavyowaponza wanaoongeza nguvu za magari nyumbani

ANAYEISHI kando ya barabara ya Kericho kuelekea Litein hahitaji kuchungulia dirishani ili ajue kwamba Subaru yenye turbo inakuja. Mlio wake wa kudunda hufika mapema, gari lenyewe likiwa bado limefichwa na kona za mashamba ya majani chai.

Mapenzi ya magari haya yana historia. Mnamo 1993, Mkenya Patrick Njiru alimaliza mashindano ya Safari Rally katika nafasi ya 12 akiendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini ndogo ya sentimita mchemraba 660. Mwaka wa 1997 Colin McRae wa Scotland alitwaa ushindi kwa Impreza, na mnamo 2000 Mwingereza Richard Burns akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Watoto walioshuhudia vumbi la miaka hiyo sasa ni watu wazima, na baadhi yao wana Impreza au Forester zao wenyewe, zilizoletwa nchini zikiwa zimetumika Japani.

Aghalabu nguvu za kiwandani haziwatoshi. Kwa spana, jeki na kipakatalishi, na kwa programu zinazopatikana bure kwenye intaneti, mwenye gari huweza kubadilisha bomba la moshi, kuipandisha turbo na hata kuandika upya maagizo yaliyo ndani ya kompyuta ya gari, yote hayo akiwa uani kwake Kapkatet au Sotik.

Kazi hiyo si ya kubezwa, na wapo wanaoifanya vizuri. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo video na maelezo ya kutoka Ulaya na Japani hayalitaji, kwa sababu walioyatayarisha hawana haja nalo. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko si hewa ya Mombasa.

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini huizungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa kutoka nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa, na nguvu hupanda. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Sasa tuseme shinikizo la hewa ya Mombasa ni 1. Kericho shinikizo hilo ni takriban 0.8. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu zake inapofika huko, na ndiyo sababu matatu iliyosheheni abiria huhema inapopanda kuelekea Mau Summit. Gari la turbo halihemi sana, kwa kuwa turbo hufidia upungufu huo. Lakini fidia hiyo ina gharama yake.

Geji ya turbo ambayo vijana hupenda kuibandika kwenye dashibodi haipimi hewa yote iliyo ndani ya injini. Hupima tu kile ambacho turbo imeongeza juu ya hewa iliyopo nje. Ikionyesha 1 mjini Mombasa, ndani ya injini mna 2: moja ya angani na moja ya turbo. Ikionyesha 1 hiyo hiyo mjini Kericho, ndani mna 1.8 tu. Mwenye gari huona kuwa gari lake halina kasi kama ya rafiki yake wa Pwani ilhali geji zao zinasoma sawa, naye hukata shauri kuipandisha turbo hadi 1.2 ili wafanane.

Hesabu ya turbo yenyewe ni tofauti. Kuitoa hewa kutoka 1 hadi 2 ni kuikandamiza mara mbili. Kuitoa kutoka 0.8 hadi 2 ni kuikandamiza mara mbili na nusu. Ili ifanye hivyo, lazima feni izunguke kwa kasi zaidi, mhimili uchoke zaidi, na hewa itoke ikiwa na joto zaidi, kwani kila kitu kinachokandamizwa hupata joto. Aliyewahi kujaza baiskeli pumzi kwa pampu ya mkono anajua. Turbo ndogo ya kiwandani, ambayo Mombasa ingekuwa bado na nafasi ya kupumua, Kericho huwa imefika ukingoni.

Wahandisi wa Subaru hawakusahau jambo hili. Kompyuta ya gari husoma shinikizo la hewa ya nje, na gari linapopanda mlima huteremsha kiwango inachoiruhusu turbo kufikia. Wengi huidhania hatua hiyo kuwa kasoro. Hununua vali ya bei nafuu ya kuzungushwa kwa mkono, wakaifunga kwenye mpira unaoelekea turbo, na kwa dakika kumi wanakuwa wameifumba macho kompyuta. Hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuua injini katika nyanda za juu.

Kinachoiua hasa ni kugonga. Katika hali ya kawaida, moto wa plagi husambaa taratibu ndani ya silinda. Hewa ikizidi joto na shinikizo, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mishindo hiyo hupasua kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi. Gari huanza kula oili, kisha hutoa moshi wa buluu, na hatimaye silinda moja hukosa nguvu kabisa. Injini ya EJ20, ambayo Subaru ilianza kuitumia mwaka 1989 na kuendelea nayo kwa takriban miaka 30, inajulikana sana kwa ugonjwa huo pindi inapochezewa vibaya.

Petroli nayo ina sehemu yake. Uwezo wa petroli kustahimili joto bila kujilipukia hupimwa kwa kiwango cha okteni. Nchini Japani, petroli ya daraja la juu ni sharti iwe na okteni 96 au zaidi, na ile inayouzwa vituoni aghalabu hukaribia 100. Impreza za kasi zilizotengenezwa kwa soko la huko zilipangiwa petroli hiyo. Ile ya kawaida nchini Kenya haifiki hapo. Kwa hivyo, gari linapofika nchini tayari linaishi kwa kujihami: kihisi kilichofungwa kwenye injini husikiliza iwapo kuna kugonga, na kompyuta huchelewesha moto wa plagi inapobidi. Anayepandisha turbo bila kujali hilo anakula akiba ambayo haipo.

Hapa ndipo penye hatari ya kuchukua maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa kwingine. Faili iliyotengenezewa gari la Japani, kwa petroli ya Japani, mahali palipo karibu na usawa wa bahari, inaweza kuingizwa katika gari la Bomet kwa muda mfupi tu. Gari litawaka, na pengine litakimbia kuliko awali kwa wiki kadhaa. Kuwaka kwa gari si ushahidi wa usalama wake.

Kinyume chake pia ni kweli, na hili huwashangaza wengi. Gari lililopimwa Kericho asubuhi yenye baridi likaonekana salama, linaweza kuanza kugonga likifika Mombasa. Ikiwa turbo inaongozwa na ile vali ya mkono, itaendelea kuongeza 1 yake, lakini sasa juu ya hewa nzito zaidi na yenye joto. Injini iliyozoea 1.8 hupewa 2. Safari ya kutoka Kericho kushuka hadi Awasi na Ahero, kuelekea Kisumu iliyo karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, yatosha kuleta sehemu ya badiliko hilo.

Fundi mwangalifu hufunga kwanza vifaa vya kupimia, kabla ya vile vya kuongeza nguvu. Muhimu zaidi ni kihisi kinachoonyesha uwiano wa hewa na petroli katika moshi. Petroli huungua kikamilifu kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja, lakini turbo inaposhindilia kwa nguvu zote uwiano huteremshwa hadi karibu 11, kwa kuwa petroli ya ziada husaidia kupoza silinda. Iwapo pampu ya petroli imezeeka na haiwezi kutoa kiasi hicho, hakuna maagizo ya kompyuta yatakayoiokoa pistoni.

Hata filta ya hewa yenye bomba pana, ambayo huonekana kama pambo tu, huvuruga hesabu. Kihisi cha hewa kimepimiwa bomba la upana maalumu. Likipanuliwa, hewa nyingi hupita huku kompyuta ikiambiwa kwamba imepita kidogo, na petroli hupungua wakati inapohitajika zaidi. Bomba la moshi lililoondolewa kichujio cha gesi chafu nalo huweza kuifanya turbo ipite kiwango bila mtu kuigusa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii kuinama huko ni kwa maana halisi. Nyua nyingi za Kericho na Bomet ziko kwenye mteremko, na udongo wake mwekundu hulainika kwa mvua ambayo haiadimiki. Jeki iliyosimikwa juu ya udongo huo huzama upande mmoja bila kutoa onyo. Kabla ya mtu kulala chini ya gari, panahitajika ubao mpana chini ya jeki, vigingi vya chuma vya kubebea uzito wa gari, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kazi yoyote ya mpira wa petroli ifanywe mbali na jiko la makaa au la kuni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini hadi uukute moto.

Suala la breki lilistahili kutajwa mapema zaidi, kwa kuwa wajuzi hulitanguliza. Barabara za eneo hili hupindapinda katikati ya mashamba, na baada ya mvua ukungu na matope hufunika lami mahali ambapo trekta za kubebea majani chai huingilia. Wachumaji hutembea kando ya barabara wakiwa na vikapu mgongoni, na bodaboda hujitokeza kutoka vijia vya murami. Gari lililoongezwa nguvu huku likiwa na pedi za breki zilizoisha na tairi vipara si la kasi. Ni la hatari. Ni ajabu kwamba mtu hutoa fedha za bonasi ya chai kununua turbo kubwa huku akiahirisha kununua tairi nne.

Kuna na swali la mahali pa kulijaribia gari. Vipimo vya kompyuta huhitaji gari likanyagwe hadi mwisho kwa sekunde kadhaa katika gia ya tatu, na hapo Impreza huwa imepita kilomita 100 kwa saa. Katika vituo vya biashara sheria inaruhusu kilomita 50. Ukweli ni kwamba hakuna barabara ya umma kati ya Kericho na Bomet inayofaa kwa jaribio hilo. Linalowezekana ni kufanya kazi ya spana nyumbani, kisha kulipeleka gari kwenye gereji yenye mashine ya roli, ambapo magurudumu huzunguka gari likiwa limesimama na fundi husoma namba bila kuhatarisha maisha ya mtu.

Sheria nazo zipo. Anayebadilisha injini nzima anatakiwa kuifahamisha Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) ili rekodi za gari zirekebishwe. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zinazosimamiwa na NEMA, zinawahusu pia wanaopenda bomba la moshi lipasuke kama fataki usiku. Kampuni ya bima isiyoarifiwa kuhusu mabadiliko inaweza kukataa kulipa ajali inapotokea.

Kuhusu kiasi cha nguvu kinachotafutwa, inafaa kukumbuka magari yale yale ya Safari yaliyowasha mapenzi haya. Kanuni za mashindano ya dunia ziliyalazimisha kuvuta hewa kupitia tundu lisilozidi milimita 34, na nguvu zao zilikadiriwa kuwa takriban farasi 300. Impreza za kasi zaidi zilizouzwa madukani Japani wakati huo zilitajwa kuwa na farasi 280. McRae na Burns walishinda kwa magari yaliyoweza kufika mwisho.

Kwa ambaye tayari amefunga vali ya mkono, hatua ya kwanza haigharimu chochote: aifungue, airudishe turbo chini ya kompyuta, kisha apime mgandamizo wa kila silinda kabla ya kufikiria kifaa kingine. Mkanda wa injini ukaguliwe, hasa ukikaribia kilomita 100,000. Kijiti cha oili kichomolewe kila wiki, na asubuhi za baridi injini iachwe ipate joto kabla ya kukanyagwa. Baada ya kupanda mlima kwa kasi, gari liachwe lingurume kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kuupoza ule mhimili unaozunguka.