Kompyuta za prosesa mbili: bei imeshuka, Nyamuswa ipige hesabu ya LUKU

KOMPYUTA za kazi nzito zenye prosesa mbili, ambazo miaka zaidi ya 10 iliyopita zilinunuliwa na makampuni makubwa pekee, sasa zinapatikana zikiwa zimetumika kwa bei ambayo hata mwenye studio wa kijijini anaweza kuifikiria. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara wa Nyamuswa, wilayani Bunda, faida au hasara itategemea zaidi aina ya kazi na gharama ya umeme kuliko bei ya kununulia.

Mfano mzuri ni prosesa ya Intel Xeon E5-2670. Ilipoingia sokoni Machi 2012, ikiwa na viini 8, bei yake ilikuwa Dola 1,552 za Marekani kwa moja. Kufikia mwaka 2016, makampuni yenye vituo vikubwa vya kompyuta yalikuwa yamebadilisha mitambo yao na kumwaga prosesa hizo sokoni, bei ikaanguka chini ya Dola 100. Mwenye kununua mbili alipata viini 16 kwa fedha kidogo.

Upande wa kadi za picha, soko lilitikiswa Septemba 15, 2022, pale sarafu ya mtandaoni ya Ethereum ilipoacha mfumo uliokuwa ukihitaji kadi hizo. Wachimbaji wa sarafu hiyo wakabaki na kadi zisizo na kazi, wakaziuza.

Nani anaihitaji

Si kila studio itanufaika. Kazi inayolipa zaidi kwa mashine ya kadi nyingi ni kutengeneza picha za pande tatu, kama vile ramani ya nyumba inayoonyeshwa kwa mteja kabla ya msingi kuchimbwa, au tangazo la hoteli ya watalii wa Serengeti. Programu ya Blender, ambayo ni ya bure, hugawa kazi hiyo kwa kadi zote zilizomo. Kazi ya saa 8 kwa kadi moja inaweza kukaribia saa 4 kwa kadi mbili zinazolingana.

Lakini kumbukumbu za kadi hazijumlishwi. Kadi mbili za GB 12 haziwi moja ya GB 24, kwa kuwa kila kadi hubeba nakala yake ya kazi nzima.

Kwa studio za video za harusi, ambazo ndizo nyingi, hali ni tofauti. Toleo la bure la DaVinci Resolve katika Windows hutumia kadi moja tu. Mwenye kutaka kadi ya pili ifanye kazi hana budi kununua toleo la kulipia. Asipofanya hivyo, kadi ya pili itakuwa mtaji uliolala.

Mitego ya soko

Mnunuzi wa HP Z820, moja ya mashine za aina hii zilizotoka mwaka 2012, anashauriwa kuiwasha na kusoma ukurasa wa BIOS kabla ya kulipa. Ikionyesha tarehe ya programu ya kuwashia, yaani boot block, kuwa Desemba 28, 2011, haitapokea prosesa mpya zaidi za E5 v2. Ya Machi 6, 2013 itazipokea. Kwa macho, mashine hizo mbili hazitofautiani.

Aidha, mashine hiyo ilitolewa na pawasaplai ya wati 850 au 1,125. Mwenye mpango wa kadi mbili au zaidi atafute ya pili. Ajue pia kwamba katika mashine za prosesa mbili, baadhi ya nafasi za kadi hazifanyi kazi kama prosesa ya pili haipo.

Kuhusu kadi, zile za kizazi cha GTX 1070 zinavutia kwa bei, lakini mwaka 2025 NVIDIA iliziondoa katika toleo la 13 la programu zake za CUDA. RTX 3060 ya GB 12, iliyotoka mwaka 2021, ina maisha marefu zaidi mbele yake. Vilevile Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizi. Linux inazipokea, na Blender hufanya kazi humo bila tatizo.

Hesabu ya mwezi

Prosesa mbili za wati 115 kila moja ni wati 230. Kadi mbili za RTX 3060, wati 170 kila moja, ni 340. Ukiongeza diski, feni na umeme unaopotea kama joto, mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote inakaribia wati 700.

Kwa saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni uniti 146 hivi. Kwa bei ya EWURA ya mwaka 2016, daraja la T1 ni Sh. 292 kwa uniti, na pamoja na VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika Sh. 356. Gharama ya mwezi ni karibu Sh. 52,000.

Tuchukulie mtaji wote ni Sh. 3,000,000 unaotakiwa kurudi katika miezi 24. Hiyo ni Sh. 125,000 kwa mwezi. Pamoja na umeme, mashine inadai Sh. 177,000 kila mwezi kabla ya kodi ya chumba na ujira wa fundi. Kama kila kazi inabakiza Sh. 30,000, zinahitajika kazi 6 kila mwezi, hata miezi ambayo fedha za pamba hazijaingia.

UPS nayo isisahaulike. Ile ndogo ya VA 650 hubeba chini ya wati 400, hivyo itazidiwa mashine ikiwa kazini. Umeme ukikatika saa ya saba, kazi ambayo haikuhifadhiwa inaanza upya.

Wanaoagiza Kariakoo, au Nairobi kupitia Sirari, waongeze nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Ushuru wa forodha wa kompyuta katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, lakini mpakani yapo malipo mengine.

Kwa mwekezaji mdogo, njia ya salama ni kununua mashine yenye pawasaplai kubwa na prosesa zote mbili, kisha kuanza na kadi moja. Ya pili inunuliwe pale oda za Bunda, Musoma na Mwanza zitakapoanza kusubiri foleni.