Si kila mashine ya kuvuna lishe humfaa mfugaji wa Turkana

UKAME unapobisha hodi Turkana, kinachowamaliza mifugo aghalabu si kiu pekee, bali ni njaa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2, wengi wao katika kaunti kame za kaskazini. Familia nyingi zilizokuwa zikitegemea maziwa zilibaki na mizoga na ngozi.

Msiba huo ulizua upya swali la zamani: lishe inayoota mvua inaponyesha itavunwa na kuhifadhiwa vipi ili ifae wakati wa dhiki? Jawabu ambalo wengi hulikimbilia ni mashine. Hata hivyo, mashine ni nyingi na kila moja ina kazi yake. Atakayeinunua bila kupima mazingira yake huenda akajikuta ametumia fedha za ng'ombe kununua chuma cha kuotea kutu.

Mashine halisi ya kuvuna lishe, inayotumiwa katika mashamba makubwa ya maziwa Ulaya na Marekani, hufanya kazi tatu kwa pamoja. Huyakata mahindi au nyasi zikiwa mbichi, huzikatakata vipande vya takriban sentimita moja hadi mbili, kisha huzirusha kwenye trela inayoandamana nayo. Lishe hiyo hushindiliwa shimoni na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki isiingie hewa, ikachachuka na kuwa sileji.

Mashine hizo ziko za aina mbili. Ya kwanza hujiendesha yenyewe, ina injini ya nguvu za farasi 300 na zaidi, na inaweza kukata zaidi ya tani 100 kwa saa moja. Ya pili hufungwa nyuma au ubavuni mwa trekta na hukata mstari mmoja au miwili ya mahindi. Hii ndiyo inayomkaribia mkulima wa kawaida wa Trans Nzoia, Uasin Gishu au Nyandarua.

Hata huko kwenye mvua, hesabu ina mafunzo. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa kilo 20 za sileji kwa siku huhitaji tani 3.6 kwa miezi sita. Ng'ombe 10 watahitaji tani 36, yaani mavuno ya takriban ekari mbili au tatu za mahindi yaliyostawi. Kazi hiyo humalizwa na mashine ndogo kwa siku moja au mbili, kisha mashine hukaa bure hadi msimu ujao. Ndiyo maana mfugaji mwenye ng'ombe wachache hushauriwa kukodi au kununua kwa ushirika.

Anayeamua kununua sharti aulize mambo manne. Je, trekta aliyo nayo ina nguvu za kuizungusha? Je, visu vyaweza kunolewa na kurekebishwa papo hapo shambani? Vipuri vinapatikana wapi, na kwa muda gani? Je, yuko fundi wa karibu anayeijua? Kisu butu huchana majani badala ya kuyakata, hula mafuta mengi, na vipande virefu havishindiliki vyema. Hewa ikibaki, sileji huota ukungu na kumdhuru mnyama.

Hali ya Lokitaung

Maswali hayo manne yakipelekwa Lokitaung, mambo hubadilika. Mji huu, unaokumbukwa kwa gereza alimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake enzi za ukoloni, umo katika milima ya mawe kaskazini mwa Turkana. Uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Lodwar, nayo Lodwar iko karibu kilomita 300 kutoka Kitale. Kipuri kikivunjika msimu wa kuvuna, nyasi zitakuwa zimekauka kabla hakijawasili.

Fauka ya hayo, Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, kiasi kisichotosha kukuza mahindi ya sileji pasipo kunyunyizia maji. Nyasi huota kwa mapengo, zikichanganyika na vichaka na mawe, na jiwe moja likiingia kwenye visu vya mashine huweza kuviharibu vyote. Hatimaye, mifugo wenyewe si wale wa Nyandarua. Maziwa ya Turkana hutoka kwa mbuzi, ngamia, kondoo na ng'ombe wa kienyeji. Ngamia na mbuzi hula zaidi majani ya miti na vichaka, si mahindi yaliyochachushwa.

Mashine kubwa basi ina nafasi finyu, labda katika mashamba ya umwagiliaji kandokando ya mto Turkwel, mfano Katilu, ambako mabua ya mahindi na mtama hubaki baada ya mavuno. Hata huko, mashine ndogo ya kukatakata majani, inayoendeshwa kwa injini ndogo au kwa mkono, huenda ikatosha. Mabua yakikatwa vipande vifupi, mnyama huyala yote badala ya kuchagua majani na kukanyaga yaliyosalia.

Kwa nyasi za asili, zana zinazofaa ni mundu na sanduku la mbao. Sanduku hilo huwa wazi juu na chini, na vipimo vyake ni sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Kamba hutandazwa ndani, nyasi kavu zikashindiliwa kwa miguu, kisha zikafungwa. Robota linalotoka huwa na uzito wa takriban kilo 20. Seremala yeyote mjini anaweza kuliunda sanduku hilo na kulikarabati.

Muhimu zaidi kuliko zana ni wakati. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua, kwani zikishakomaa na kupukutisha mbegu hubaki nyuzi zisizo na lishe. Katika joto la Turkana hukauka upesi, kwa hiyo zisiachwe juani siku nyingi zikapoteza rangi ya kijani na vitamini. Marobota yapangwe juu ya magogo, chini ya paa, mbali na mchwa na moto.

Hesabu ya boma moja

Mbuzi mmoja wa kienyeji hula takriban kilo moja ya lishe kavu kwa siku. Familia yenye mbuzi 50 ingehitaji kilo 4,500, au marobota 225, ili kuwalisha wote kwa siku 90. Hilo ni gumu. Lakini wakichaguliwa mbuzi 10 wanaonyonyesha na kuachwa nyumbani, marobota 45 yatatosha. Hao ndio wanaowapa watoto maziwa wakati vijana wamehama na kundi lililosalia kuelekea malisho ya mbali kama Ilemi, ambako kugombania nyasi kumemwaga damu mara nyingi.

Zipo pia lishe zisizohitaji kisu. Maganda ya mgunga, mti ambao Waturkana huuita ewoi, yamekusanywa na kuwekwa akiba tangu jadi. Vilevile, kwa desturi iitwayo ekwar, familia hutambuliwa kuwa na haki juu ya miti ya kando ya mito kwa matumizi ya kiangazi. Nao mathenge, uitwao etirae huko Turkana, uliolaaniwa kwa kuvamia malisho na kuozesha meno ya mbuzi kwa sukari ya maganda yake, huwa chakula kizuri maganda hayo yakisagwa na kuchanganywa na lishe nyingine. Kuyasaga huua mbegu, hivyo mti hausambai kupitia kinyesi. Kinu cha kusagia maganda, basi, chaweza kumfaa mfugaji wa Kakuma au Lodwar kuliko trekta.

Mwaka wa 2015, serikali ilizindua bima ya mifugo katika kaunti za Turkana na Wajir. Bima hiyo hutazama hali ya malisho kwa setilaiti na kulipa mapema ili mfugaji anunue chakula cha mifugo kabla hawajafa. Wazo hilo ni jema, ila fedha haziliwi na mbuzi. Lishe isipokuwepo karibu, malipo hayo yataishia kwenye nauli ya malori kutoka nyanda za juu.

Kwa hivyo, anayetaka kuwekeza Lokitaung aanze na ghala, masanduku na mundu, kisha mashine ya kukatakata na kinu vya kutumiwa na kikundi. Kubwa lifuate pale tu lishe itakapozidi nguvu za mikono. Akiba haiozi, walisema wahenga, mradi iwekwe kabla ya njaa kuingia bomani.