Usinunue Betri Kabla Hujapima

Gari kuukuu likigoma kuwaka asubuhi, hukumu hutoka papo hapo: "Betri imekufa hiyo!" Pesa inatafutwa, betri mpya inafungwa, gari linawaka. Wiki mbili baadaye linagoma tena. Nimeyaona haya kwa baba mdogo, anayesomba asali kutoka Sikonge kuja Tabora mjini kwa pikapu ya Datsun. Alinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na bado akalala porini, taa zimezima katikati ya miombo. Kumbe betri haikuwa na kosa.

Tuanze na kazi ya kila kifaa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Bagamoyo na Ujiji hawakubeba chakula cha safari nzima. Walianza na akiba, wakajazia njiani, na hapa Unyanyembe misafara ilipumzika na kununua upya. Betri ni ile akiba ya kuanzia: inazungusha stata. Injini ikishawaka, altaneta ndiyo inayolisha taa na plagi, tena inairudishia betri ilichotoa. Altaneta isipolisha, gari linakula akiba mpaka inakwisha. Betri mpya inaongeza akiba tu. Njaa iko palepale.

Mfumo huohuo ulikuwa ndani ya Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Kwenye 240Z regulata, yaani kidhibiti cha volti, ni kiboksi kilichofungwa mbali na altaneta. Magari mengi ya baadaye yameificha ndani ya altaneta yenyewe.

Sasa upimaji. Mita ya fundi simu inatosha kabisa.

Kwanza, pima betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12 au chini, ina njaa. Ichajiwe kwanza ndipo uihukumu.

Pili, washa injini, pima tena palepale. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inalisha. Ikibaki 12 na kitu, hailishi. Ikipita 15, regulata imeshindwa kuzuia, na maji ya betri yatachemka.

Tatu, kama hailishi, anza na vya bei ndogo. Zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Safisha vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani, kisha kaza.

Nne, pima njia ya kurudi. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, gusisha waya mmoja wa mita kwenye bodi ya altaneta na mwingine kwenye hasi ya betri. Isizidi volti 0.2 hivi. Ikizidi, kuna waya wa hasi uliooza au nati yenye kutu. Hapa ndipo ugonjwa wa ile pikapu ulipopatikana: waya unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeliwa na kutu. Ukabadilishwa waya, basi.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo ufungue altaneta kuangalia kaboni na dayodi, au ubadilishe regulata.

Jihadhari na jambo moja. Wapo wanaochomoa waya wa betri injini ikiwaka ili "kuona kama altaneta inafanya kazi". Mtindo huo ni wa enzi za dainamo. Kwenye altaneta volti hupanda ghafla na kuunguza dayodi, ukaondoka na ugonjwa ambao hukuja nao.

Kwa sisi tunaosomea ualimu hili si geni: mwanafunzi akifeli hesabu hatumnunulii kitabu kipya kabla ya kujua kama tatizo ni kugawanya au ni kusoma swali. Kwa hiyo fundi akikwambia ununue betri, muulize kwa heshima: "Fundi, umepata volti ngapi ikiwa imezimwa, na ngapi ikiwa inawaka?" Kama hana namba hizo mbili, pesa ibaki mfukoni kwanza.