Kizungu cha kila siku: Sentensi moja ingemwokolea binamu yangu kazi

Simu iliingia jioni. Binamu yangu alikuwa ametoka Entarara wiki mbili kabla, akaja kukaa kwangu hapa Kitengela ili ajaribu bahati kwenye viwanda vya Athi River. Alikuwa amezungusha makaratasi yake hadi soli ya kiatu ikafunguka mdomo. Kwa hivyo simu ilipolia na akasikia Kizungu upande wa pili, moyo ulimruka.

Mama aliyepiga alikuwa na haraka. Alisema maneno machache, binamu akajibu "yes, yes, thank you madam", simu ikakatika. Akanigeukia huku meno yote nje: "Bro, nimeitwa intavyu kesho saa nane!"

Kesho yake alifika getini saa saba na nusu mchana, shati limepigwa pasi, tena nusu saa kabla ya wakati. Soja akamwangalia hivi, akamwambia wenzake waliingia asubuhi, wakahojiwa, wakaenda zao. Yule mama alikuwa amesema "eight o'clock". Hiyo ni saa mbili asubuhi. Binamu alisikia "eight", akili ikamletea nane, akaishika hapo hapo.

Usicheke. Huyu ni msee aliyemaliza Kidato cha Nne, aliyesoma karibu masomo yote kwa Kizungu miaka minne. Mwambie akuandikie insha kuhusu uchafuzi wa mazingira, atakujazia kurasa tatu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kukaa naye akamfunza jinsi ya kupokea simu.

Tulifunzwa kuogopa kabla ya kuongea

Mimi pia niko kwenye hiyo boti. Niliacha chuo kabla sijamaliza, na siku ya kwanza kuingia benki peke yangu nilirudia sentensi moja kichwani kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilipofika, dada wa kaunta akanisalimia, "Niaje, nikusaidie aje?" Jasho lote lilikuwa la bure.

Hofu hii haikuanza jana. Kama ulisomea Kenya, unakijua kile kidude cha kuvaa au kubeba ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani. Kila shule ilikuwa na jina lake. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, *Decolonising the Mind*, jinsi watoto wa enzi za ukoloni walivyochapwa na kuvishwa vibao vya kuwaita wajinga kwa kuongea Kikuyu shuleni. Wakoloni walienda, kibao kikabaki.

Matokeo yake ni haya: ukikosa neno la Kizungu, unaona aibu kuuliza. Na ukiona aibu kuuliza, unasema "yes". Hiyo "yes" ndiyo imetumaliza. Basi leo tupitie pale ambapo inatugharimu zaidi.

Saa: ongeza au toa sita

Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Waingereza wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita kila wakati. "Seven" yao ni saa moja yetu, "eight" ni saa mbili, "two" ni saa nane. Hili unalijua tangu darasa la pili, lakini ukiwa na wasiwasi kichwa hushika namba tu.

Dawa yake ni kurudia ulichosikia na kuongeza sehemu ya siku: "So that's eight in the morning?" Ukikosea, mwenyewe atakurekebisha hapo hapo. Maneno sita tu, na binamu yangu angekuwa ndani ya lile geti.

Kwa daktari: "yes" inayodanganya

Hii ndiyo inaniogopesha kuliko zote. Kwa Kiswahili mtu akikuuliza, "Hujakula?" nawe hujakula, unajibu, "Ndio, sijakula." Unakubaliana na alivyosema. Kwa Kizungu mambo hugeuka. Akikuuliza, "You haven't eaten?" na hujakula, jibu ni "No, I haven't." Ukisema "yes" ukanyamaza, kuna atakayeelewa umekula na kuna atakayeelewa hujakula.

Kwenye chakula si ngori. Sasa fikiria daktari anauliza, "You're not allergic to any medicine?" halafu unamjibu "yes" kwa adabu zako zote. Ameelewa nini? Umejua amekuuliza kama kuna dawa ambayo mwili wako huikataa?

Usijibu swali la aina hiyo kwa neno moja. Toa sentensi nzima: "I haven't eaten since morning." "I have no allergies." "Penicillin makes me sick." Sentensi nzima haina pande mbili.

Kwenye dawa zenyewe, ile bahasha ndogo ya famasi ikiandikwa 1 × 3, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, si vidonge vitatu kwa mpigo. "Twice a day" ni mara mbili kwa siku. "Before meals" ni kabla ya kula. Ukiwa na shaka, uliza: "How many, and how many times a day?" Na kumbuka sisi hunywa dawa, ila Kizungu husema "take", hata kama ni tembe.

Yeye ni nani?

Kiswahili hakijali kama yeye ni mwanamume au mwanamke. Kimaasai nacho kina "ninye", neno moja kwa wote wawili. Ndiyo maana mtu wa Entarara, au wa popote pale anapofikiria kwa lugha hizi, akiwa mbioni husema "my sister, he is sick". Watu wanacheka, anafunga mdomo, hadithi inaishia hapo.

Lakini kuna siku itakuwa si kichekesho. Umeibiwa simu stendi ya Kitengela, uko kwenye kituo cha polisi, na anayeandika maelezo yako anayaandika kwa Kizungu. Ukimwambia "he" na aliyekuibia ni mwanamke, umewatuma kumtafuta mtu ambaye hayupo. Ukiona ulimi unateleza, achana na "he" na "she" kabisa. Sema "the man", sema "the woman". Si Kizungu cha malkia, lakini hakikupotezi.

Nani anamdai nani?

Neno kuazima tunalitumia pande zote mbili: naweza kuazima kitu kwako, na nawe unaweza kuniazima. Kizungu kimegawanya kazi. Anayechukua ni "borrow", anayetoa ni "lend". Kwa hivyo "borrow me your charger" haikai. Ukitaka chaja sema, "Can I borrow your charger?" ama "Please lend me your charger."

Kwenye chaja mtaelewana. Kwenye pesa andika vizuri. Meseji ya "I borrowed him two thousand" inaweza kusomwa kana kwamba wewe ndiwe mwenye deni.

Pole si "sorry" kila mahali

Hapa Kenya mtu akijikwaa unamwambia "sorry", na anajua unamhurumia. Kizungu chetu kimebeba pole ya Kiswahili, na hakuna ubaya. Ila ukiongea na mgeni, anaweza kukuuliza kwani umefanya nini hadi uombe msamaha. Kwa mgeni ongeza kidogo: "Are you okay?" Kama ni msiba, "I'm sorry for your loss" inaeleweka kote.

Ndugu yake ni ile "I'm coming" tunayosema huku tukitoka mlangoni. Sisi tunamaanisha nakuja, nisubiri. Mgeni anaona mtu anayesema anakuja ilhali anaenda. Mwambie "I'll be right back."

Sentensi yenyewe

Ukisahau hayo yote, shika hii: "Sorry, I didn't get that. Please say it again slowly." Samahani, sijashika hapo, tafadhali rudia polepole. Hakuna bosi anayemfukuza mtu kwa kuomba jambo lirudiwe. Hata wazungu wenyewe huombana hivyo, wakiwa na lafudhi tofauti.

Fanya mazoezi kwa sauti, si kichwani. Tafuta rafiki mmoja, mmoja awe mwenye kampuni na mwingine awe wewe. Pigianeni simu kabisa, maana simu ni ngumu kuliko uso kwa uso: huoni midomo wala mikono. Rekodi kwenye WhatsApp ujisikilize. Utachukia sauti yako siku mbili hivi, halafu utazoea.

Na kama Kizungu kimegoma kabisa?

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hauombi msaada ukiuliza kwenye ofisi ya serikali, "Tunaweza kuongea Kiswahili?" Unatumia lugha rasmi ya nchi yako.

Ukikamatwa, kifungu cha 49 kinataka uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa. Ukifika kortini na huelewi lugha inayotumika kwenye kesi yako, kifungu cha 50 kinakupa haki ya mkalimani bila kulipa.

Na kazini je? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inamtaka mwajiri akueleze mkataba kwa lugha unayoelewa kama huelewi ule ulioandikwa. Kwa hivyo ukipewa karatasi za Kizungu na kuambiwa "sign here", weka kalamu chini. Sema, "Please explain this to me in Kiswahili." Ukiweka sahihi kwa aibu, utalipia hiyo aibu kila mwisho wa mwezi.

Simu ya pili

Binamu hakurudi Entarara. Kwa wiki tatu nilimpigia simu nikiwa chumba hicho hicho, nikijifanya bosi mwenye haraka. Nilikuwa nataja saa na siku kwa mbio, yeye anarudia. Majirani lazima walidhani tumechanganyikiwa.

Simu ya kweli ilikuja Alhamisi moja tukila githeri. Alisimama. Nikamsikia akisema, "Sorry madam, please say that again slowly." Kimya kidogo. Halafu, "So that's Monday, at nine in the morning?" Akaandika kwenye kiganja cha mkono: *Jumatatu, saa tatu asubuhi.*

Kazi hakuipata. Walikuwa wengi, nafasi chache, unajua mambo ya huku. Lakini alifika saa mbili unusu, akaingia, akakaa kwenye kiti, akaulizwa maswali na akajibu kwa Kizungu chake. Aliporudi hakuwa yule wa mara ya kwanza, aliyekaa kitandani na viatu hadi giza likaingia. Alivua shati, akalitundika vizuri.

"Hili sitalifua bado," akaniambia. "Nikiitwa kesho je?"

Nawe ukiitwa kesho, usiseme "yes" kabla hujajua unakubali nini.