Rangi ya chakula ina kazi tumboni

Tia mafuta kidogo kwenye kikaango, weka karoti iliyokwaruzwa, kisha koroga taratibu juu ya moto mdogo. Baada ya dakika chache mafuta yenyewe yanageuka rangi ya machungwa. Kinachotokea kikaangoni ndicho kinachotakiwa kutokea tumboni. Rangi ile ni karotini, na karotini haiyeyuki kwenye maji. Ikifika kwenye utumbo mwembamba bila mafuta, sehemu kubwa hupita na kutoka ilivyoingia. Ikikuta mafuta, nyongo huyagawanya kuwa matone madogo mno yanayoibeba karotini hadi kwenye ukuta wa utumbo. Humo, ndani ya seli za ukuta huo, kimeng'enya huikata na kuwa vitamini A.

Vitamini A ikitajwa, wengi wetu tunafikiria macho. Utumbo nao unaihitaji sana. Ngozi yake ya ndani hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache, na bila vitamini A kazi hiyo inakwenda kombo. Vilevile ndiyo inayosaidia askari wa kinga wajue njia ya kwenda utumboni, ambako vimelea vingi huingilia. Mtoto aliyepungukiwa vitamini A huugua kuhara mara kwa mara, na akiugua hachukui muda mfupi kupona.

Ndiyo maana habari ya viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya machungwa, inastahili kusimuliwa kila mwaka. Viazi vitamu tulivyovizoea Afrika Mashariki vina nyama nyeupe au ya krimu, na karotini yake ni kidogo mno. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, na Maria Andrade aliyefanya kazi yake Msumbiji, walitumia miaka mingi kuzalisha aina za rangi ya machungwa zinazohimili mazingira yetu. Tatizo halikuwa magonjwa na ukame tu. Viazi vya mwanzo vilikuwa na majimaji, na watu wazima wa huku wanataka kiazi kikavu, cha unga. Ilibidi rangi na ukavu vipatikane kwenye kiazi kimoja. Mwaka 2016 wawili hao, pamoja na Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Gramu 125 tu za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja cha wastani, zinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Msumbiji ulionyesha kwamba watoto wa kaya zilizopewa viazi hivyo waliugua kuhara mara chache zaidi.

Rangi ya zambarau na nyekundu iliyoiva, ile ya choya, zambarau na kitunguu chekundu, ina tabia nyingine kabisa. Hiyo inaitwa anthosiani, nayo huyeyuka kwenye maji. Ijaribu jikoni: kamulia ndimu kwenye maji ya choya, wekundu unakolea, tia chembe ya magadi, yanageuka kuwa ya samawati au kijani. Tumboni, ni sehemu ndogo tu inayonyonywa mapema. Nyingine huteremka hadi utumbo mpana, kwenye makazi ya bakteria. Bakteria huivunja kuwa tindikali ndogondogo, na hizo ndizo mwili unazozipokea. Kwa hiyo faida ya choya inategemea pia bakteria wa anayeinywa. Lakini utafiti mwingi hapa umefanywa maabara na kwa wanyama. Anayekuuzia unga wa choya kwa madai kwamba unatibu vidonda vya tumbo amekwenda mbali kuliko ushahidi.

Tahadhari hiyo ina historia. Huko Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio ambalo baadhi yao walipewa vidonge vya karotini. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi ya wengine. Karotini ya kidonge haikufanya kazi kama karotini iliyo ndani ya jani au kiazi.

Ushahidi unaonigusa zaidi umetoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, uliohusisha wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha Kimagharibi. Damu yao ikaonyesha dalili za mchochota, na kinga ikapungua nguvu. Waliozoea chakula cha Kimagharibi, walipohamishiwa kwenye chakula cha asili, walipata nafuu. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji kilichochachuliwa cha ndizi na ulezi, kwa wiki moja, nao walinufaika. Rangi haikufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa nyuzinyuzi na uchachu navyo vimo. Hata hivyo, ganda la ulezi unaotumika kutengeneza mbege ni la hudhurungi, maharage ni mekundu, mboga ni za kijani. Mkate mweupe na soseji havina hayo.

Mapishi ya pwani na bara yalikwisha kulitatua suala la mafuta. Kisamvu cha nazi, mchicha wa karanga na matembele yaliyoungwa kwa tui vyote vinaipa karotini ya majani usafiri. Tunapoharibu ni kuchemsha mboga kwa muda mrefu na kumwaga maji yake. Chai nayo isubiri chakula kishuke, kwa maana inapunguza unyonywaji wa madini ya chuma kwa mtu anayeinywa pamoja na mlo. Na kwa kuwa rangi nyingine hupita tu tumboni, ukila kiazisukari (bitiruti) kisha choo kikawa chekundu, usishtuke. Usipokila na choo kikawa chekundu, nenda hospitali.

Wewe unayelisha watoto nyumbani, ukienda sokoni wiki hii ulizia viazi lishe. Vichemshe na maganda yake, menya, kisha mpe mtoto pamoja na karanga za kusaga au tui. Muuzaji akikwambia hana, mwombe avilete wiki ijayo.